Nimepangiwa kutetea "Mlima" wa kina Robespierre kwenye mdahalo, je natetea wauaji?

"Shikamoo mwalimu. Nipo mwaka wa pili chuo, nasoma historia. Mhadhiri katupanga tuigize bunge la Ufaransa la 1793 na kundi letu tumepewa Mlima, wale wa kina Robespierre. Rumeti wangu ananicheka, anasema naenda kutetea wauaji. Nimejaribu kusoma nikachanganyikiwa zaidi, sehemu moja wanasema walikuwa chama cha wakomunisti wa maskini, nyingine wanasema Mlima na Jakobini ni kitu kimoja, nyingine wanasema walikuwa wachache, sasa wachache wanatawalaje bunge zima? Halafu kuna dada kwenye kundi letu, familia yao ilipitia mauaji huko kwao, tangu tuanze mazoezi amekuwa kimya sana. Zimebaki siku 10. Nitetee nini, niache nini?"

Marahaba mdogo wangu. Swali lako nimelisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nasubiri gari stendi, na naona umefunga maswali manne kwenye furushi moja: matatu ya historia na moja la huyo dada. La dada nitalifikia, usidhani nimelisahau, ila kwanza tuondoe vumbi kwenye hayo matatu kwa sababu rumeti wako kapatia nusu na hao uliowasoma nao wamepatia nusu nusu.

Tuanze na jina. Mlima haukuwa chama, hakukuwa na kadi wala katibu mkuu wala ilani wala mnadhimu wa kuwafuata wabunge koridoni awaambie leo tunapiga kura hivi. Mlima ni viti. Lile bunge, Konvensheni, lilipoanza kazi Septemba 1792 lilikuwa linakaa Manège, ukumbi wa kufundishia farasi jirani na kasri la Tuileries, mrefu, mwembamba, sauti haisikiki vizuri, na viti vimepangwa kwa ngazi. Wakali walizoea kupanda kukaa ngazi za juu kabisa kushoto kwa mwenyekiti, ndo watu wakawa wanawaita la Montagne, Mlima, jina ambalo lilishaanza kusikika kwenye bunge lililotangulia. Wale wengi wa katikati, chini, wakaitwa Uwanda, na ukitaka kuwatukana unawaita Kinamasi. Upande wa kulia wakakaa tunaowaita leo Gironde, kwa sababu wasemaji wao kadhaa walitokea mkoa huo, kule Bordeaux. Viti vyote 749. Katika hao Mlima wenyewe, hata ukiwahesabu katikati ya 1793 walipokuwa wameongezeka, wanafika kama 300 hivi, na Gironde hawavuki 200. Waliobaki ni Uwanda. Hiyo hesabu ya Uwanda ishike kwelikweli, maana kila kitu kwenye hadithi hii kinazunguka pale.

Mlima na Jakobini sio kitu kimoja ingawa walichanganyikana sana. Jakobini ni klabu, yaani kijiwe kikubwa cha siasa kilichokuwa kinakutana kwenye nyumba ya zamani ya watawa mtaa wa Saint-Honoré, chenye matawi nchi nzima, na ungeweza kuwa mwanachama bila kuwa mbunge. Brissot, kiongozi wa Gironde ambaye nyinyi kwenye mdahalo atakuwa adui yenu mkubwa, alikuwa Jakobini mwenzao mpaka wakamfukuza Oktoba 1792. Danton naye nyumbani kwake kisiasa kulikuwa klabu nyingine, Cordeliers. Kwahiyo mtu wa upande wa pili akikwambia "nyie Wajakobini", mkumbushe kwamba yeye mwenyewe juzi tu alikuwa anakaa kwenye viti vya klabu hiyohiyo, hapo utampunguza kasi.

Na hapa ndo penye kosa ambalo hata walimu tunalifanya: tunachora Mlima kama maskini na Gironde kama matajiri. Hapana. Ukimtoa mmoja mmoja ukamtazama, pande zote mbili zilijaa mawakili, waandishi, madaktari, wafanyabiashara wachache. Robespierre wakili wa Arras. Vergniaud wa Gironde, wakili. Marat daktari aliyegeuka mwandishi wa gazeti. Collot d'Herbois alikuwa mwigizaji wa jukwaani, David ndo yule mchoraji maarufu, Couthon wakili aliyepooza miguu anayetembezwa kwenye kiti cha magurudumu, Saint-Just kijana wa miaka 25, mdogo kuliko wote bungeni. Na hapo kwenye viti vya Mlima alikaa pia mtu tajiri kupindukia, binamu wa mfalme, Mtawala wa Orléans aliyejiita Philippe Égalité, na akapiga kura binamu yake auawe! Sasa hao utawaitaje wakomunisti wa maskini?

Tena tarehe 18 Machi 1793 Konvensheni ilipitisha adhabu ya kifo kwa yeyote atakayependekeza kugawa ardhi ya watu sawa kwa sawa, na Mlima hawakuipinga. Mwezi mmoja kabla, Februari, akina mama wa Paris walivamia maduka kwa sababu ya bei ya sukari, kahawa na sabuni, na Robespierre akasimama kule klabu akalalamika kwamba wananchi wakiinuka waiinukie nchi, sio vibidhaa vya dukani. Hayo sio maneno ya mtu anayepanga foleni ya sabuni. Jacques Roux, padri aliyekuwa anapiga kelele kweli kwa niaba ya wenye njaa, Mlima ndo waliomweka ndani.

Tofauti yao na Gironde basi ilikuwa nini? Kwa maoni yangu tofauti ni jibu la swali moja: tupo tayari kukubali kiasi gani ili mapinduzi yasife? Gironde walioisukuma Ufaransa kwenye vita na Austria Aprili 1792 (Robespierre alipinga, alijua vita huzaa majenerali wenye tamaa) walitaka vita lakini hawakutaka gharama zake: hawakutaka kupangiana bei, hawakutaka Paris iamue kwa niaba ya mikoa, hawakutaka mahakama maalumu ziende mbali sana. Mlima walisema sawa, vita tumeshaingizwa, sasa tuvilipie. Mkate umepanda? Tutapanga bei, tukipenda tusipende, maana Paris ikikosa mkate hakuna bunge. Nafaka ikapangiwa bei Mei 1793, na Septemba bidhaa nyingi nyingine zikafuata, pamoja na mishahara (hii wafanyakazi hawakuipenda hata kidogo). Yaani Mlima walifika kwa maskini kwa kusukumwa, sio kwa itikadi waliyotoka nayo nyumbani. Wengine waliamini kweli, wengine walikuwa wanahesabu tu.

Sasa swali lako zuri kuliko yote, wachache walitawalaje. Jibu ambalo utalikuta sehemu nyingi ni "kwa vitisho". Ni nusu. Hebu nikuoneshe siku chache za mwisho wa Mei 1793 taratibu, maana hapo ndo mashine inaonekana ndani.

Mwaka ulianza na kesi ya mfalme, Louis wa 16. Kura ya adhabu ilipigwa Januari kwa kuitwa majina, mmoja mmoja anapanda jukwaani anasema kwa sauti, wengine wanatoa hotuba kabisa, ikaanza jioni ya tarehe 16 ikaenda usiku kucha mpaka kesho yake usiku. Mbunge mmoja aliyekuwepo aliandika kwamba kwenye majukwaa ya wageni watu walikuwa wanakula machungwa na aiskrimu kama wapo tamthilia. Kura za kifo bila masharti zilikuwa 361 kati ya 721, ukiongeza na waliosema kifo lakini tujadili kuahirisha unapata 387 dhidi ya 334. Vergniaud wa Gironde, aliyekuwa mwenyekiti siku hiyo, mwenyewe alipiga kura ya kifo. Kwahiyo wakati mfalme anakatwa kichwa tarehe 21 Januari, damu ile ilikuwa mikononi mwa watu wa viti vyote, na hili lina maana kubwa: mbunge wa Uwanda aliyesema "kifo" kwa sauti mbele ya Paris nzima alijua wafalme wakirudi naye hana pa kujificha. Ongeza kwamba wengi wao walikuwa wamenunua mashamba yaliyotaifishwa kutoka kwa Kanisa. Kamba ilishawafunga pamoja na Mlima hata kama hawakuwapenda.

Machi mambo yakaharibika. Serikali ikataka askari 300,000, kule Vendée, magharibi mwa Ufaransa, wakulima wakaasi. Jenerali Dumouriez akashindwa vita halafu mwanzoni mwa Aprili akakimbilia kwa adui. Pesa ya karatasi inaporomoka. Katika hofu hiyo, tarehe 1 Aprili, Konvensheni ikaamua kitu ambacho naomba ukipigie mstari kwenye daftari lako: mbunge akishukiwa kushirikiana na maadui, kinga yake isimlinde, bunge limpeleke mahakamani. Wiki mbili hazijaisha, nani wa kwanza kuitumia hiyo silaha? Gironde. Walimpeleka Marat kwenye Mahakama ya Mapinduzi, kura mia mbili na ushee dhidi ya wasiofika mia, wakati wabunge wengi wa Mlima wapo mikoani kuandikisha askari. Mahakama ikamwachia huru Marat tarehe 24 Aprili, watu wakambeba mabegani mpaka bungeni. Gironde walivunja ukuta wa nyumba yao wenyewe halafu wakashangaa upepo unaingia.

Mei wakaunda Kamati ya Kumi na Wawili kuchunguza Paris, ikamkamata Hébert, mwandishi na kiongozi wa manispaa. Jiji likachemka. Tarehe 27 kamati ikafutwa katikati ya vurugu ukumbini, na tarehe 28 bunge likapiga kura kwa majina kama irudishwe: 279 irudishwe, 238 isirudishwe. Umeona? Siku tano kabla ya ushindi wao mkubwa, Mlima walishindwa kwa kura. Kwa kura peke yake wangeshindwa tena na tena.

Tarehe 31 Mei kengele za hatari zikalia Paris, siku hiyo haikutosha. Jumapili tarehe 2 Juni, siku ambayo mafundi na vibarua hawapo kazini, Hanriot, kamanda wa askari wa jiji, akalizunguka bunge (wakati huo lilishahamia ndani ya Tuileries) kwa maelfu ya askari wake na mizinga, anataka majina ya viongozi wa Gironde. Wabunge wakaamua kutoka nje kuonesha kwamba wako huru, wakiongozwa na mwenyekiti wao Hérault de Séchelles, mtu mtanashati, wa Mlima huyohuyo. Wakafika uwanjani, Hérault akamwambia Hanriot atii sheria. Hanriot, juu ya farasi, akawageukia watu wake: wapiga mizinga, kwenye mizinga yenu! Wabunge wakageuka, wakajaribu geti hili, wakajaribu geti lile la bustani, kote wamefungiwa, wakarudi kukaa. Ndipo Couthon akiwa kwenye kiti chake akasema sasa kwa kuwa mmejionea wenyewe kwamba mko huru, tuendelee, akasoma hoja ya kuwakamata. Wabunge 29 wa Gironde pamoja na mawaziri wawili wakawekwa kizuizini majumbani mwao. Mimi kila nikifundisha hapo wanafunzi hucheka, kisha wananyamaza.

Kwahiyo ndio, vitisho vilikuwepo. Lakini vitisho vinaeleza siku moja, haviielezi miezi 14 iliyofuata. Kamati ya Usalama wa Umma, ile iliyokuja kuendesha nchi na ambayo Robespierre aliingia mwisho wa Julai, ilikuwa inaongezewa muda na bunge kila mwezi. Kila mwezi! Uwanda walikuwa na nafasi ya kusema basi, imetosha, na kila mwezi waliiongezea. Kwa nini? Kwa sababu Lyon imeasi, Marseille imeasi, Toulon imewafungulia Waingereza bandari, Waaustria wapo kaskazini, Wahispania wapo kusini, na hao watu wa juu kushoto ndo pekee wenye nguvu ya kukaa ofisini mpaka saa nane usiku wakisaini oda za buti na baruti. Uwanda waliwakodi Mlima kama unavyokodi mlinzi mkali. Mbunge mmoja wa viti vile vya kati, Sieyès, inasemekana alipoulizwa baadaye alifanya nini wakati wa Ugaidi, yaani kile kipindi cha kamatakamata na mauaji ya 1793 na 1794, alijibu kwa neno moja tu kwamba aliishi.

Na mashine ileile ya kuvua kinga ikaendelea kusaga. Oktoba 1793 ikawala viongozi wa Gironde, Vergniaud na Brissot wakiwemo. Mwisho wa Machi 1794 Danton wa Mlima akakamatwa usiku pamoja na Camille Desmoulins, rafiki wa shule wa Robespierre, na mbunge mwenzao Legendre alipoomba bungeni kwamba angalau Danton asikilizwe, Robespierre akauliza kwa nini yeye apewe upendeleo ambao Brissot hakupewa. Tarehe 5 Aprili wakakatwa vichwa. Juni ikaja sheria ya kuharakisha kesi, bila mawakili wa utetezi, na wabunge wakaanza kuulizana kama hata ile idhini ya bunge kabla ya kumkamata mbunge bado ipo, Couthon na Robespierre wakakasirika kwa kuulizwa. Hapo sasa kila mtu akajiona anafuata yeye. Halafu tarehe 26 Juni jeshi likashinda Fleurus, hatari ya kuvamiwa ikapungua, mvua ikakatika na mwavuli ukageuka mzigo. Tarehe 27 Julai Robespierre anazomewa ukumbini, haachiwi kusema, anawageukia watu wa Uwanda, wale aliowaita wasafi, awaombe wao wamsikilize. Walimkatalia. Kesho yake akauawa na wenzake 21. Na wanaoongoza kumwangusha ni nani? Tallien, Fouché, Billaud-Varenne, Collot d'Herbois, wote wa Mlima, tena Fouché na Collot mikono yao ilikuwa imelowa damu ya Lyon, walihofia kuulizwa.

Sasa tumjibu rumeti. Usimkatalie, mpe namba. Waliohukumiwa kifo rasmi na mahakama katika kipindi kile ni karibu 17,000, na Paris yenyewe ni kama 2,600 tu katika hao, walio wengi walikufa kwenye mikoa ya vita na maasi. Waliokamatwa ni laki kadhaa, na wengi walifia magerezani bila hukumu yoyote. Lyon waliuawa karibu 2,000, wengine kwa kupigwa mizinga wakiwa wamepangwa mstari. Nantes, Carrier, mbunge aliyetumwa kule, alikuwa anazamisha wafungwa kwenye mto Loire usiku. Vita vya Vendée kwa ujumla vinavuka laki moja kwa makadirio ya kawaida, wanawake na watoto humo. Olympe de Gouges aliyedai haki za wanawake alikatwa kichwa Novemba 1793, siku chache baada ya Konvensheni kufunga klabu zote za wanawake. Ukienda kwenye mdahalo ukajifanya haya hayakuwepo utaaibika dakika ya tatu, na utastahili.

Lakini kuna upande ambao rumeti wako hajausikia. Katiba ya Juni 1793 iliwapa wanaume wote kura bila kuangalia mali, ikaahidi elimu na msaada kwa wasiojiweza, ikapigiwa kura ya maoni na zaidi ya watu milioni 1.7 wakasema ndiyo. (Kisha ikafungiwa kwenye sanduku la mwerezi ikaning'inizwa ukumbini kusubiri amani. Haikutumika hata siku moja. Mpinzani wako ataijua hiyo, jiandae.) Julai 1793 wakafuta ushuru wote wa kikabaila bila fidia, na hilo mkulima wa kawaida aliliona shambani kwake mwaka uleule.

Na kuna tarehe 4 Februari 1794, hii inatugusa sisi wa pwani hii zaidi ya tunavyofundishwa. Siku moja kabla, wajumbe watatu kutoka Saint-Domingue, ambayo leo ni Haiti, walipokelewa bungeni: Dufay mweupe, Mills chotara, na Belley mtu mweusi aliyewahi kuwa mtumwa. Kesho yake Konvensheni ikafuta utumwa kwenye makoloni yote ya Ufaransa. Usiseme Mlima waliwapa watu weusi uhuru kama zawadi, watumwa wa Saint-Domingue walishauchukua wenyewe kwa kuasi tangu 1791, na kamishna aliyeutangaza kule kaskazini 1793, Sonthonax, alikuwa mtu wa mrengo wa Brissot. Bunge lilikuja kugonga muhuri. Ila muhuri nao ni kitu. Sasa sikiliza: visiwa vya Wafaransa kwenye Bahari ya Hindi, Mauritius na Réunion za leo, vilikuwa vinanunua watu kutoka Msumbiji na Kilwa. Mwaka 1776 Mfaransa mmoja, Morice, aliandikiana mkataba na Sultani wa Kilwa wa watumwa 1,000 kwa mwaka. Amri ya 1794 ingetekelezwa kule, watu waliotolewa kwetu na vizazi vyao wangekuwa huru. Walowezi waligoma, na 1796 Paris ilipotuma maofisa kuilazimisha Mauritius, walipakizwa kwenye meli wakafukuzwa. Napoleon akaja kuurudisha utumwa 1802. Nikiwa wewe ningeibeba hii mkononi, sio kwa kujisifia bali kuonesha kwamba amri ya bunge huishia pale meli ya serikali inapoweza kufika.

Kuhusu njia ya kutetea, naona ziko tatu. Ya kwanza ni kusema hali ilikuwa ya dharura, vita kila upande, hakukuwa na jinsi. Ni rahisi na ina ukweli, ila ina shimo: mauaji ya Paris yalizidi Juni na Julai 1794 wakati jeshi linashinda, mpinzani mwenye kalenda atakumaliza. Ya pili ni kutetea mawazo, kura kwa wote, elimu, bei ya mkate, utumwa. Inapendeza masikioni, lakini utaonekana unapaka rangi nyumba inayoungua. Ya tatu ngumu zaidi, ndo ninayokushauri: wewe unakaa 1793, hujui ya 1794. Tetea mbunge wa Mlima wa asubuhi ya tarehe 2 Juni anayeangalia Vendée inawaka na mkate haupo, mwache aseme anachoogopa, na mwache hata aogope mizinga ya Hanriot kwa sababu wapo waliokuwa wanaiogopa. Robespierre mwenyewe Mei 1791 alihutubia bunge la kwanza akitaka adhabu ya kifo ifutwe kabisa. Mtu huyo amefikaje hapa ndani ya miaka miwili? Ukiweza kumfanya msikilizaji ajiulize hivyo bila wewe kumjibu, umeshinda hata mkipoteza kura. Na usikubali mhadhiri awape hotuba za kupakua mtandaoni zenye misemo mikali, maneno mengi yanayobandikwa kwa Robespierre na Saint-Just hayapo kwenye kumbukumbu za vikao. Kumbukumbu zenyewe zimechapishwa kwa Kifaransa, na kama Kifaransa hamkijui tafuteni mtu uso kwa uso, mwanafunzi wa idara ya lugha au maktaba ya Alliance Française kama ipo mjini kwenu, mkae naye saa mbili na kurasa za tarehe 2 Juni tu. Programu ya kutafsiri inawachanganya na kalenda yao ya mapinduzi (walibadilisha hata majina ya miezi), hilo nimeliona kwa wanafunzi wangu mwenyewe, mmoja aliniletea mkutano wa bunge uliofanyika "mwezi wa majani".

Sasa dada. Hapa historia haitoshi na mimi niliye mbali sitoshi. Usimuulize mbele ya kundi, na usimwambie "ni mchezo tu", kwake sio mchezo. Mtafute pembeni, umwambie umeona amekuwa kimya, na kama hataki kuongea basi. Akiongea msikilize bila kulinganisha ya kwao na ya Ufaransa, hata kama unaona yanafanana. Halafu mwende wote wawili, kama ameridhia, kwa mhadhiri ofisini, sio kwa meseji, mkaombe abadilishiwe kazi: anaweza kuwa karani wa bunge, anaweza kusimamia muda, anaweza asiwepo siku hiyo na apewe insha. Mhadhiri mwenye akili atakubali. Akisema halali usiku au hali vizuri tangu mazoezi yaanze, msindikize kwa mshauri wa wanafunzi chuoni, hata kesho, msisubiri mdahalo upite. Na yule mwenye wazo la kutengeneza gilotini ya maboksi, maana kila mwaka huwa yupo mmoja, mwambieni aiache nyumbani.

Kitu cha mwisho ni kundi la Uwanda. Uliza nani wamepangiwa. Kwenye madarasa mengi watu huwasahau kabisa, wanaweka makundi mawili yanayogombana halafu wanashangaa hakuna anayebadilisha kura. Kama hawapo, mwombeni mhadhiri agawe angalau theluthi ya darasa wakae chini katikati, bila hotuba, wenye kura tu. Ndo hao mtakaokuwa mnaongea nao siku hiyo, kwahiyo mkikaa huko juu nyuma msiwe mnaangaliana na Gironde muda wote, angalieni chini.